Siku Niliyomtaja Baba Mkwe kwenye Kipaza Sauti

Naanza kwa kukiri, ili nisionekane najificha. Mimi ndiye yule mwanamke wa Kasulu aliyemtaja baba mkwe wake kwa jina, majina yote mawili, kwenye kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima wa watu pale Kibondo, na spika moja ikiwa imefungwa nje kuelekea sokoni. Kama umeisikia habari hiyo kwa mtu mwingine, uliyosikia ni kweli, ila ile sehemu ya kwamba nilizimia wameongeza wao. Sikuzimia. Nilitamani nizimie, haikuja.

Kwa wasiojua: kwa Waha wa kizamani (na ukoo wa mume wangu ni wa kizamani hadi vijana wake) mkamwana hatamki jina la baba mkwe wala la mama mkwe. Unasema Mzee, unasema babu yake Jesika, kwa jina la mtoto wako, ukibanwa sana unakohoa. Hamketi benchi moja, hamtazamani usoni, na mkiwa na neno la kuambiana mnalipitisha kwa mtu wa tatu hata kama mmesimama hatua mbili. Najua wengi wameacha, na sijaona radi ikimpiga hata mmoja. Mimi sijaacha kwa sababu mzee huyu nampenda, hajawahi kunipandishia sauti tangu nilipoolewa, na siku nilipojifungua kwa shida alitembea kutoka Makere hadi hospitali kwa miguu akakaa nje ya geti siku mbili bila kuingia, maana kuingia kungekuwa kuniona nimelala. Kutomtaja ndiyo heshima niliyokuwa nayo ya kumrudishia, na haikuwa ikinigharimu kitu.

Sasa hisa. Nina duka la steshenari pale Kasulu mjini, natoa kopi, naprinti barua za posa na za kuomba kazi, na hiyo ndiyo sababu nilichaguliwa kuwa katibu wa kikundi chetu cha kuwekeza. Hawakunichagua kwa kujua hisa, walinichagua kwa sababu nina mashine ya kopi. (Nilihudhuria pia semina ya siku mbili kule Kigoma mjini, lakini siku ya pili niliwahi gari nikaondoka kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo nusu ya soko la hisa mimi siijui mpaka leo.) Tuko ishirini, wa Kasulu na wa Kibondo, tulichanga tukanunua hisa za kampuni moja ya kusindika nafaka. Kikundi ndicho kilichonunua kwa jina lake, na ndani ya kikundi kila mtu ana mstari wake kwenye daftari langu.

Tulinunua za aina mbili. Zipo za kawaida, na zipo za upendeleo. Za upendeleo niliwaeleza wanakikundi kwa mfano wa karamu: mwenye nazo anapakuliwa kwanza kabla ya wengine wote, lakini ni sahani moja tu, ile ile kila mwaka, hata kama chakula kimejaa masufuria kumi haongezewi, na siku ya kumchagua mpishi hana sauti. Mwenye za kawaida anasubiri, anaweza kula sana, anaweza pia kuramba mwiko. Mfano huu ulipendwa mno, na mimi nikaanza kutembea nikiwa nimejiinua mabega.

Ulimfikia baba mkwe kule Makere. Akauza fahali wake, yule mwenye baka jeupe kifuani, akamtuma mume wangu Obedi na hela zote: anunuliwe zile za kupakuliwa kwanza. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mama mkwe ana presha, dawa zake hazikatwi hata wiki moja, na mzee alikuwa amepiga hesabu yake kwamba gawio la kila mwaka lisilopanda wala kushuka litabeba dawa, na kahawa ibebe mengine.

Obedi aliniwekea hela kaunta akawahi gereji. Nikafungua daftari, mstari wa kumi na moja, sehemu ya jina. Kuandika jina la mkwe si mwiko, mwiko ni kulitamka, lakini mimi nina ugonjwa wangu tangu darasa la kwanza: siwezi kuandika bila kutamka. Midomo inakwenda pamoja na kalamu. Nikakaa nimeshika kalamu, nikafunga mdomo kwa mkono wa kushoto, nikaona mteja mlangoni ananiangalia. Ningeweza kumsubiri Obedi nusu saa tu aje aandike yeye. Badala yake nikaandika "Mzee wa Makere", nikafunga daftari nikatoa kopi ya mteja. Huo ndio uamuzi wenyewe. Ulichukua muda mfupi kuliko kopi.

Gawio la kwanza lililipwa, la pili likalipwa. Halafu soko likaanza kushuka. Simu zikaanza, na katibu ndiye mwenye kujibu. Kuna aliyeuliza kama hisa zimeshuka, zimeshukia wapi, na aliyeziokota ni nani. Kuna mama wa Busunzu aliyetaka apewe hisa zake mkononi azihifadhi stoo mpaka bei ipande, kama anavyofanya mahindi, na nilipomwambia hazishikiki akauliza sasa tulinunua nini. Ezekieli wa Rungwe Mpya, ambaye wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi na yeye mwenyewe anajua vitu kufa ghafla, aliuliza kampuni ikifa nani anazikwa nayo na nani anatoka na chochote. Mama Zuhura, mwenye duka la vitenge jirani yangu na ndugu zake wako Tanga, aliuliza gawio lisipolipwa mwaka huu kama linalimbikizwa hadi mwakani au linapotea moja kwa moja. Hilo ndilo lilikuwa swali lenye akili kuliko yote, na lilifundishwa siku ya pili ya semina, mchana.

Wote niliwajibu kitu. Mtu pekee niliyemdanganya alikuwa baba mkwe. Kila alipomwuliza Obedi habari za hisa, Obedi aliniuliza mimi, nami nikasema mwambie zimepumzika. Zilipumzika miezi minane. Tuliogopa, basi. Fahali alikuwa mmoja, na mimi ndiye niliyeleta mfano wa karamu.

Kampuni ikatangaza mkutano wa kujibu maswali, ukumbini Kibondo, kwa vikundi vyote vya huku juu. Tulikwenda na magari mawili ya kukodi kwa sababu mimi na baba mkwe hatuwezi kukaa gari moja la viti vinavyotazamana, kwa hiyo kikundi kililipia gari la pili kwa ajili ya heshima yangu, na mweka hazina alilisema jambo hilo njia nzima juu ya lami.

Aliyekuja kutoka Dar es Salaam alikuwa kijana mmoja mpole, Bwana Kelvini, shati limenyooka, na kifaa cha kurekodi sauti amekiweka mezani. Akatupa "mwakeye", salamu ya Kiha aliyojifunza njiani, watu wakafurahi, kisha akaeleza habari yenyewe. Kwa sababu ya hali ya soko, kampuni inawaomba wenye hisa za upendeleo wakubali kubadilishiwa ziwe za kawaida. Asiyetaka ana haki ya kukataa. Ila akatae leo, hapa, kwa jina lake, kabla ya saa kumi kamili. Asiyesikika atahesabiwa amekubali.

Mimi nilielewa upesi. Mzee akibadilishiwa, sahani yake ya kwanza imekwenda, anahamia kwenye foleni ya wanaosubiri mwiko, katika mwaka ambao hata masufuria hayaonekani. Dawa za mama mkwe zimo humo. Nikamtafuta kwa pembe ya jicho. Alikuwa benchi la nne, kofia magotini, amenyooka.

Maswali yakaulizwa, yakajibiwa (Mama Zuhura akajibiwa kwamba linalimbikizwa, akanitazama), saa ikafika tisa na nusu, nikaitwa mbele na daftari langu kusoma wenye hisa za upendeleo mmoja mmoja. Mstari wa pili, akajibu. Wa tano, akajibu. Wa tisa, akajibu. Wa kumi na moja.

"Mzee wa Makere," nikasema.

Bwana Kelvini akasubiri na kalamu. Akauliza hilo ni jina. Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akaja akachungulia daftari, akaona ni kweli ndivyo ilivyoandikwa, akaniomba basi nimfafanue. Nikamfafanua: ni mkulima wa kahawa, mtu mzima, mtaratibu, aliuza fahali akanunua hisa. Nilidhani nimefafanua mtu mmoja. Akasimama Mzee Balitazari, ambaye naye ni wa Makere, ana kahawa, na kumbe naye aliuza fahali mwaka ule ule kwa mambo yake. Mzee Balitazari ni mtu mwema anayekubali kila kitu tangu nimfahamu. Akaulizwa kama anakubali kubadilishiwa.

"Ego," akasema, yaani ndiyo, "nakubali." Kisha akaketi.

Bwana Kelvini akaandika. Nikasema hapana, siye huyo, huyo ana hisa za kawaida tu. Mzee Balitazari akasimama tena akasema kweli, anakubali kwamba siye yeye. Ukumbi ukaanza kuchangamka. Baba mkwe alikuwa anatazama dari, kwa adabu zake, maana mkwe akimwona mkamwana anahangaika hatakiwi kuonekana kwamba ameona.

Mama Zuhura akajitolea, akasimama akalitaja jina la mzee wazi kabisa, yeye ni jirani tu, halimhusu. Nikashusha pumzi nikasema ndiyo, kama alivyosema Mama Zuhura. Lakini Bwana Kelvini alikuwa ameshaungua kidole mara moja. Akasema kwa upole kwamba daftari si la Mama Zuhura, kwamba tayari amesimamishiwa mtu asiyehusika, na kwamba sasa hata mwenye jina akisimama haitoshi, anahitaji katibu mwenyewe aseme jina kamili kwa sauti yake, lirekodiwe. Nikaomba niliandike kwenye karatasi. Akasema karatasi inaweza kuandikwa hata kesho. Nikatikisa kichwa kuonyesha benchi la nne. Akasema kutikisa kichwa hakurekodiwi.

Nikamnong'oneza kwamba ni baba mkwe wangu. Akatabasamu akasema hongera.

Ilikuwa imebaki robo saa. Hapo nikapata wazo ambalo kwa dakika mbili nzima niliona ni la mtu aliyesoma: nimpigie Obedi. Obedi ni mtoto wake, anaweza kulitamka jina la baba yake mchana kutwa. Nikamwuliza Bwana Kelvini kama sauti ya mume wangu, mbele yangu, kwa simu yangu, itatosha, akafikiri akasema itatosha nikithibitisha. Nikaweka simu sauti ya juu, nikaisogeza kwenye kipaza sauti ili irekodiwe vizuri. Obedi akapokea, akaanza yeye kabla sijafungua mdomo.

"Vipi, mmeshamaliza?" akasema, na spika zote zikasema naye, ya ndani na ya nje. "Sikiliza, baba asijue hisa zimeshuka. Endelea kumwambia zimepumzika. Tutamwambia baada ya mavuno, akiwa ameshiba."

Kisha mtandao ukakatika, kama unavyokatikaga huku kila ukishamaliza kazi yake.

Watu wa ukumbi ule walikuwa wamenisikia mwaka mzima nikiwafundisha habari ya ukweli na uwazi katika uwekezaji, nilikuwa na karatasi yake nimeichapa kwa rangi nikaibandika dukani. Mweka hazina alikuwa anatazama viatu vyake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na aibu haikuwa ya wale watu wote, ilikuwa ya benchi la nne tu.

Baba mkwe akavaa kofia yake. Akainuka taratibu, akawaomba radhi waliomzunguka, akapita katikati ya magoti yao, akaanza kwenda mlangoni. Hakunitazama. Saa ya ukutani ilikuwa inasema zimebaki dakika nne.

Nikaita, "Baba!" Nusu ya ukumbi ikageuka, maana nusu ya ukumbi ni akina baba, na Mzee Balitazari akasimama tena. Yeye hakugeuka. Akafika mlangoni, mkono ukashika komeo, nami nikaona kabisa dawa zikitoka nje na yeye, na miezi minane ya uongo wangu, na nikajua akipita pale mlangoni sitakuwa na uso wa kumwambia lolote tena hata kwa kupitia watu kumi.

Nikamwita kwa jina lake.

(Hapa silirudii, mtanisamehe. Mara moja inatosha.)

Nililisema lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na kipaza sauti kilikuwa bado pale nilipokiacha. Mama mmoja wa benchi la mbele akafunika uso kwa kanga. Baadaye niliambiwa wauza ndizi wa sokoni walisimama na mikungu yao wakatazamana.

Mzee akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa tukatazamana usoni. Ana macho ya kahawia, sikuwahi kujua.

"Nipo," akasema. Akamgeukia Bwana Kelvini. "Zangu hazibadilishwi."

Bwana Kelvini akaandika, akatazama saa, akatupa shukrani zake. Nilisaini mahali pa katibu bila kuona vizuri karatasi.

Nje nilijificha nyuma ya gari la pili. Nilijua utaratibu: mkamwana akimtaja mkwe anatozwa faini, kuku au mtungi wa pombe ya ndizi, na mzee hanywi, ni mtu wa kanisa, kwa hiyo nilikuwa nawaza kuku. Akaja akasimama upande wa pili wa gari, akamwita Mama Zuhura awe katikati yetu, na maneno yake yakanifikia moja kwa moja kabla Mama Zuhura hajayarudia, lakini tukamwacha ayarudie.

"Mwambie katibu nina redio," akasema. "Habari za soko nazisikia kila jioni. Nilijua zimeshuka tangu wiki ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nilimwona anahangaika kunificha, sikutaka ajue kwamba ameshindwa."

Mama Zuhura akayarudia. Nikamwomba amwulize, kama alijua, basi alikuwa anakwenda wapi akiwa amebakiza dakika nne. Mzee akasafisha kofia ambayo haikuwa chafu.

"Nilikuwa natoka ili asilazimike kunitaja. Nikiwa sipo, angenyamaza. Dawa ningezitafuta kwingine."

Hayo Mama Zuhura hakuyarudia, alishindwa. Mimi nililia pale nyuma ya gari, nalisema wazi, nililia kwa kelele, na dereva akawasha redio kwa heshima. Nilikuwa nimemficha bei miezi minane, naye alikuwa ananificha kwamba anajua, na hasara iliyokuwa kubwa zaidi ilikuwa yake, naye alikuwa tayari kuilipa papo hapo, kimya, kwa miguu yake mwenyewe. Nikamwomba msamaha kupitia kwa Mama Zuhura. Akasema amesikia, lakini faini iko pale pale.

Nikasema kuku yupo, tena mkubwa.

"Sitaki kuku," akasema. "Nataka hisa. Zile za kupakuliwa kwanza. Na bei imeshuka, hawezi kulalamika."

Nililipa wiki hiyo hiyo. Siku hizi kwenye daftari langu kila mwenye mstari anaandika jina lake kwa mkono wake, hata kama itachukua asubuhi nzima, nami nasimama nyuma ya mashine ya kopi mdomo nimeufunga. Swali nisilojua jibu lake nasema sijui, na hisa zikishuka nasema zimeshuka. Bado ni katibu, hakuna mwingine mwenye mashine.

Baba mkwe alikuja mwenyewe dukani kuandikisha ile hisa ya faini. Nikamsogezea daftari, nikageukia ukuta kama inavyotakiwa. Aliandika taratibu, akafunga, akaniachia kiroba cha maharage mlangoni akaondoka. Nilipofungua mstari wa ishirini na moja nikakuta hakujiandikisha yeye. Ameandika jina la mama mkwe.

Nalo silitaji. Kwa hiyo sasa nina mistari miwili, na nimeapa: mkutano ujao Obedi atafunga gereji, atasimama pale mbele na daftari, atasoma yeye mwenyewe kwa kinywa chake, na simu yake nitakuwa nimeishika mimi, imezimwa.